Sindano Mikononi mwa Wanaume wa Butimba

Mpwa wangu amemaliza chuo kikuu na ameajiriwa mjini. Juzijuzi pindo la suruali yake liliachia asubuhi akiwa anajiandaa kwenda kazini. Akataka nimwelekeze kwa fundi aliye jirani. Nikamwambia sindano ipo kwenye droo na uzi mweusi upo. "Mjomba, hiyo si kazi ya fundi?" akauliza. "Au nimsubiri dada wa kazi?" Hakuwa anatania. Kijana huyu amezaliwa na kukulia Butimba, Mwanza, na katika Butimba niliyokulia mimi, sindano ilikuwa mikononi mwa wanaume.

Ukishuka kutoka Chuo cha Ualimu kuelekea ziwani, palikuwa na duka la Mwarabu. Barazani pake alikaa fundi, mzee wa Kinyamwezi aliyetokea Tabora, na cherehani yake ya miguu aina ya Singer. Maandishi yake ya rangi ya dhahabu yalikuwa yamefutika nusu kwa kupanguswa kila asubuhi. Mkanda wa ngozi ulipokatika aliutoboa kwa msumari, akaziunganisha ncha kwa kipande cha waya, kazi ikaendelea. Wateja wake walikuwa askari magereza wenye sare za kupunguza, wanachuo waliotoka mikoa ya mbali, na sisi watoto wenye kaptula za kaki zilizopasuka makalioni.

Harufu ya baraza ile naijua mpaka leo. Ilikuwa ya mafuta ya cherehani, ya kaki mbichi iliyonyunyiziwa maji ikapigwa pasi ya mkaa, na upepo ukigeuka inaongezeka ya dagaa walioanikwa huko chini ufukweni. Nikipita leo mahali nguo nzito inapopigwa pasi ikiwa na unyevu, namwona mzee yule ameinama, pini tatu mdomoni, anaongea bila kuzidondosha.

Hakumkalisha mtu darasani. Ukikaa barazani kwake alikupa wembe ufumue mishono, kisha akakupa kifungo. Cherehani huigusi mpaka mkono wako ujue sindano. Kifungo chenye matundu manne ulikishona kwa kukilegeza kidogo, ukauzungusha uzi chini yake mpaka kipate shingo, ndipo unafunga fundo upande wa ndani. Ukimaliza alikishika kwa vidole viwili akakivuta. Kikicheza, anakikata kwa mkasi na kukurudishia. "Kijana, kifungo bila shingo kitakuaibisha mbele za watu," alisema, na hakuongeza neno.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kugeuza kola. Ile ilikuwa miaka ya foleni, na shati jeupe la mtu mzima halikutupwa kwa sababu kola imelika shingoni. Aliifumua taratibu, akaigeuza upande uliolika ukaenda chini na ule mzima ukaja juu, akairudishia kwenye mstari uleule wa matundu ya sindano. Mwalimu wa chuo aliondoka na shati la mwaka mwingine mzima. Nimeona wanaume wakisimama barazani kutazama tu jinsi kola inavyorudi mahali pake.

Nilishona kifungo changu cha kwanza kilichokubalika mwaka gani? Dada yangu anashikilia kwamba ilikuwa kabla ya mabomu ya vita kuanguka kisiwani Saanane, yaani kabla ya Machi 1979. Kaka anasema ni baada, kwa kuwa anaikumbuka kaptula aliyokuwa ameivaa. Nimetazama cheti changu cha darasa la saba, ni cha 1982, na hakimsaidii yeyote kati yao. Tuuache mwaka.

Baba alikuwa kibarua bandarini Mwanza South. Jumapili jioni alikaa kwenye kigoda nje ya mlango, akatia viraka nguo zake za kazi, na majirani walipita wakamsalimu bila kushangaa. Jikoni hakuingia, hilo nalisema wazi. Mama alipougua tulipikiwa na shangazi. Katika nyumba nyingi za Butimba nilizozijua, mwanaume alishona na hakupika. Ziwa ndilo lililotufundisha yote mawili, kushona na kupika.

Mwezi ukijaa dagaa hawavuliwi, maana mwanga wa karabai haufui dafu mbele ya mbalamwezi. Siku hizo wavuvi walibaki ufukweni wakishona nyavu. Mvuvi alikaa mchangani amenyoosha miguu, wavu ameutega kwenye dole gumba la mguu ili usilegee, na sindano ya mti ikienda na kurudi kujenga upya kila jicho lililokatika. Matanga nayo yalishonwa hapohapo, mengine kwa magunia yaliyofumuliwa. Wengi wao walikuwa wametoka kambi za visiwa vya Ukerewe na Ukara, ambako kijana mgeni alianza kwa kuwapikia wenzake. Ugali ukitoka mbichi, watu kumi wenye njaa walimweleza. Nilipata likizo kadhaa za kukaa na wajomba visiwani, na huko ndiko nilikojifunza kusonga.

Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, lilimalizia kazi. Tulikwenda kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita. Mimi nilipangiwa Bulombora, Kigoma. Sare zilikuwa kubwa, kila mmoja alijipunguzia mwenyewe usiku kwa mwanga wa kibatari. Afande hakuuliza kifungo ni kazi ya nani. Aliuliza kwa nini hakipo. Vijana waliotoka nyumba zenye watumishi walikuja vitandani kwetu na mashati yao mkononi, tukawafundisha. Mpango ule ulisitishwa 1994. Uliporudi 2013 ulikuwa wa miezi michache tu, na kwa sehemu ndogo ya vijana.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mitumba ikajaa Mlango Mmoja, shati likawa rahisi kununua kuliko kuligeuza kola. Ziwani zikaja nyavu za plastiki wanazoziita timba. Serikali imezipiga marufuku, lakini nyingi zimepita, na wavu ule ukikatika haushoneki vizuri, unatupwa. Mzee wa Tabora akafariki, cherehani yake ikachukuliwa na ndugu zake. Ilipokuwa baraza sasa ni kibanda cha miamala ya simu.

Shule nayo imechangia. Zamani zetu Sayansi Kimu ilikuwa ya wasichana, sisi tukapelekwa shambani. Baadaye likaja somo la Stadi za Kazi kwa wote, jambo jema kabisa. Mpwa wangu amelisoma. Anakumbuka aliandika daftarini hatua za kutunga uzi, akapata alama nzuri, na sindano yenyewe hakupewa kuishika. Tangu 2024 baadhi ya sekondari zina mkondo wa amali, nao naupokea kwa furaha, ila huo ni wa kumwandaa atakayeishi kwa ufundi. Daktari, dereva na karani watajifunzia wapi kurudisha pindo?

Inaniudhi kusikia kijana wa kiume akisema kushona, kufua na kupika ni mambo ya wanawake, kana kwamba ndiyo mila ya hapa. Anayesema hivyo ajaribu kuwaambia wavuvi wa dagaa, au amwulize babu yake nani alimtilia kiraka alipokuwa kambini. Wanaume wa pwani hii ya ziwa walijihudumia kwa sababu kazi iliwaweka mbali na nyumbani. Wajukuu wao leo wanapanga chumba kimoja mjini, wanalala na njaa kibanda cha chipsi kikifungwa mapema, na nguo zao zinamsubiri mama fua mpaka Jumamosi.

Basi nawaomba akina baba wenzangu. Sindano na uzi vinauzwa katika duka lolote la mtaani, na bei yake haimshindi mtu. Mpe mwanao wa kiume kabla hajamaliza darasa la saba, ukae naye chini wewe mwenyewe, wala usimwachie mama yake. Akishona kifungo, kivute. Kikicheza, kikate, umwambie aanze upya.