Wiki ya kwanza chuoni, nikitokea nyumbani

Leo tuongee juu ya nauli na Git. Mwaka 2015 nilianza chuo kwenye barabara ya Thika nikikaa kwa mama, Rongai: matatu mbili kwenda, mbili kurudi. Wenzangu wa hosteli walifanya zoezi la kikundi usiku. Mimi saa kumi na moja jioni nakimbilia gari kabla nauli haijapanda. Jumatano wakaniambia, "Tafuta wenzako wa mbali."

Git huweka historia yote ya mradi ndani ya kompyuta yako. Basi usiku niliandika na kuhifadhi msimbo nyumbani bila bando, asubuhi nikautuma kwa intaneti ya chuo. Ijumaa jina langu lilibaki kikundini. Nawe unayetokea nyumbani, ijaribu.