Bustani Isiyo na Lango

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya kikundi cha bustani huanza siku ile miche inapotiwa ardhini. Kwa kadiri nilivyoona mimi, kazi hiyo huanza siku ya tatu baadaye, wakati wageni wamekwisha kwenda zao, picha zimekwisha kupigwa, na jua limeanza kuonyesha nia yake. Siku ya kupanda haikosi watu. Mzee huja na mkongojo wake, mtoto huja na kijiko cha mama yake, na hata jirani ambaye kwa kawaida hasemi na mtu husimama mlangoni pake akatoa mashauri. Siku ya kutia maji huja watu wawili, na mmoja wao ni yule aliyewaita wenziwe.

Nayasema haya baada ya miaka kadhaa ya kuongoza kikundi cha watu wanaojitolea kutunza bustani za umma katika mtaa wa Jericho, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi. Hatuna ofisi wala mshahara. Tuna majembe sita, sepetu tatu, toroli moja lenye gurudumu bovu, daftari la zamu, na kipande cha ardhi ambacho si chetu. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, nami nitalirudia.

Msomaji asiyeujua mtaa huu hana budi kuelezwa kidogo. Jericho ulijengwa na Baraza la Jiji mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati Kenya ilipokuwa ikiukaribia Uhuru wake wa 1963, ukapewa jina kutoka katika Biblia kama jirani yake Jerusalem. Yeriko ya Maandiko hutajwa sana kwa kuta zake zilizoanguka, lakini wachache hukumbuka kwamba uliitwa pia mji wa mitende. Sisi hatuna mitende ya kujivunia. Walakini waliouchora mtaa wetu walituachia kitu chema, nacho ni nafasi kati ya safu za nyumba. Wazo hilo lilitoka mbali. Mwaka 1898 Mwingereza Ebenezer Howard alichapisha kitabu kilichopendekeza miji ya bustani, ambamo mfanyakazi angepata hewa na majani karibu na mlango wake. Mawazo kama hayo yalifika Nairobi, yakaonekana katika mtaa wa Kaloleni uliojengwa katika miaka ya 1940, na katika mpango wa jiji wa mwaka 1948, uliotaka makazi yagawanywe kuwa vitongoji vyenye shule, maduka na viwanja vyao. Sisemi kuwa serikali ya kikoloni iliwapenda wakazi wa Eastlands. Nyumba iliyowajengea zilikuwa finyu, na familia nzima iliweza kulala katika chumba ambacho leo mtu angeona haya kukiita ghala. Lakini uwanja wa nje ulikuwa mpana, na kwa muda mrefu ndio uliokuwa sebule ya watu wasio na sebule.

Uwanja usio na mwangalizi haukai mtupu. Tulipoanza kuchimba kiwanja chetu tulikuta mifuko ya plastiki imelala tabaka juu ya tabaka kama kurasa za kitabu kilicholowa. Serikali iliipiga mifuko hiyo marufuku tarehe 28 Agosti 2017, lakini ardhi haisomi sheria. Hata sasa jembe likizama shubiri mbili hutoka na kipande. Udongo wenyewe ni ule mweusi unaonata, ambao kila mjenzi wa Nairobi anaujua na kuulaani. Wakati wa mvua huvimba na kushikilia maji hata mizizi ikakosa pumzi. Wakati wa kiangazi hunywea, ukapasuka nyufa ambazo mkono wa mtoto huweza kupita, na nyufa hizo hukata mizizi midogo kama kisu. Kwa hiyo tulijifunza kuchimba mashimo mapana kabla ya mvua, kuuchanganya udongo na samadi na mchanga, na kupanda mboga juu ya matuta yaliyoinuliwa. Samadi tuliipata bure kwa wafugaji wa kuku na mbuzi, ambao walishukuru kuondolewa mzigo.

Maji hayakupatikana bure. Tangu Januari 2017, maji yalipopungua katika bwawa la Ndakaini, Nairobi ilianza kugawiwa maji kwa zamu, na mitaa mingi ikazoea kusikia mlio wa hewa katika bomba. Katika hali hiyo, mtu anayemimina mtungi wa lita 20 kwenye mche wa mti huku jirani yake akinunua maji ya kupikia kwa mchuuzi wa mkokoteni, hutazamwa kwa jicho baya, na jicho hilo lina haki. Sisi tuliamua kwamba hakuna maji safi yatakayotiwa bustanini. Kila nyumba iliyokubali iliwekewa ndoo ya maji ya suuzo la mwisho la nguo, ambayo sabuni yake ni kidogo, na ya kuoshea mboga. Mwenye zamu hupita jioni akakusanya. Ni kazi duni machoni pa watu. Lakini katika ule ukame mrefu ulioanza mwishoni mwa 2020 na kuendelea mwaka 2021 na 2022, maji ya suuzo ndiyo yaliyotubakizia miti.

Tarehe 13 Novemba 2023 Serikali ya Kenya iliifanya kuwa sikukuu ya kupanda miti, ikatangaza shabaha ya miti milioni 100 kwa siku hiyo, sehemu ya mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Sikukuu hiyo niliipenda, maana ni nadra taifa kupumzika ili litumie jembe. Hata hivyo nilimkumbuka Wangari Maathai. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenziwe walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, ambao hauko mbali na mtaa wetu, na huo ukawa mwanzo wa Green Belt Movement. Dunia humkumbuka kwa Nishani ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004. Mimi humkumbuka zaidi kwa jambo dogo la hesabu: akina mama waliokuza miche katika harakati yake walilipwa senti chache kwa kila mche ulioshika na kuishi. Mche uliokufa haukuwa na malipo, hata kama ulipandwa kwa hotuba nzuri. Kanuni hiyo tumeiiga katika daftari letu. Hatuandiki tumepanda mingapi. Tunahesabu mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba, kabla ya mvua, na tunaandika iliyo hai tu. Hesabu hiyo haijawahi kupendeza mgeni yeyote aliyetutembelea.

Sasa nije kwenye ugomvi wa ua, ambao ulikaribia kutuvunja.

Mboga zetu zilipostawi, sukuma wiki, kunde, managu na saga, zilianza kutoweka usiku. Mbuzi nao walikuja mchana bila kujificha. Vijana wa kandanda, ambao uwanja wao mdogo ulipakana na bustani, walifuata mpira katikati ya matuta kana kwamba matuta hayapo. Katika mkutano wetu wa Jumamosi wengi walitaka uwekwe ua wa mabati na lango lenye kufuli, na funguo ziwe kwa wanachama. Hoja yao ilikuwa na nguvu. Waliuliza: mtu atatokaje jasho miezi mitatu ili mwingine avune katika usiku mmoja?

Ndipo mama mmoja mkongwe, aliyeishi katika mtaa huo tangu ujana wake, akaomba ruhusa ya kusema. Alisema, "Wanangu, mimi nimeona viwanja vingi vikizungushiwa mabati katika jiji hili. Sijaona hata kimoja kilichofunguliwa tena. Mkifunga nyinyi leo kwa ajili ya sukuma, mtamwambia nini atakayefunga kesho kwa ajili ya maduka?"

Kijana mmoja akamjibu kwa heshima, "Shikamoo, mama. Lakini mwizi je?"

"Marahaba, mwanangu. Mwizi wa gari namjua. Anayechuma majani usiku wa manane, mpeni mboga mchana."

Watu walicheka, lakini hoja haikuchekesha. Historia ya jiji hili imejaa viwanja vya umma vilivyopotea nyuma ya ua. Wangari Maathai alisimama mwaka 1989 kuikinga bustani ya Uhuru isijengwe jengo refu la ghorofa 60, na miaka kumi baadaye akaukinga msitu wa Karura, na katika visa vyote viwili hoja ilikuwa ile ile ya yule mama: cha wote hakifungwi kwa faida ya wachache. Sisi hatukuwa matajiri wala wanyakuzi, ila tulikuwa tukiomba kufuli.

Tuliafikiana baada ya Jumamosi tatu. Upande wa barabara tulipanda ua wa kayaba, ambao miiba yake mbuzi huiheshimu, tukaacha mianya mahali ambapo watu walikuwa na vijia vyao tangu zamani. Vijana wa mpira walipewa jukumu la miti iliyo nyuma ya goli, na tangu hapo mpira umekuwa na adabu zaidi. Kando ya kijia kikuu tulitenga tuta moja ambalo halina zamu ya kuvuna. Apitaye na achume. Sisemi kuwa wizi ulikwisha. Ulipungua, na uliobaki tunauhesabu pamoja na wadudu.

Kwa upande wa sheria tulikuwa na bahati kuliko waliotutangulia. Zamani mtu aliyelima mjini aliweza kuamka akakuta mimea yake imefyekwa na askari wa jiji. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, na mkulima wa mjini akapata mahali pa kusimama.

Jambo jingine linalohitaji kusemwa wazi ni fedha. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, Serikali ilianzisha Kazi Mtaani, ikawalipa vijana kufagia, kuzibua mitaro na kusafisha mitaa, kwanza shilingi 600 kwa siku, baadaye 455. Karibu vijana wetu wote walikwenda, nami sikuwalaumu. Kujitolea ni neno tamu katika kinywa cha aliyekula. Mpango ulipokwisha, baadhi yao walirudi na swali lililo haki: kwa nini jasho lile lile, katika mtaro ule ule, lilikuwa na bei mwaka jana na mwaka huu halina? Tulitazama jirani zetu wanavyofanya. Huko Dandora, vijana waliosafisha nyua za makazi yao hupata kitu kwa kutoza ada ya kuegesha magari. Huko Korogocho, Komb Green Solutions waligeuza jaa la ukingo wa mto Nairobi kuwa bustani ya watu. Sisi tulianzisha kitalu, na miche inayouzwa sokoni humlipa kwanza mwenye zamu ya maji. Wapo wanaosema kuwa tumeuharibu moyo wa kujitolea. Mimi naona tumeuwekea chakula.

Sasa nirudie ile ardhi isiyo yetu. Nyumba za Jericho ni mali ya Kaunti, na mtaa huu umetajwa miongoni mwa mitaa ya zamani inayokusudiwa kubomolewa ili majumba ya ghorofa yajengwe. Mtaa wa Pangani ulikwisha bomolewa kwa ajili hiyo hiyo. Nyumba zetu zimechakaa, mabomba yamezeeka, na watu wa Nairobi wanahitaji mahali pa kulala. Sitasimama mbele ya mtu asiye na nyumba nikamwambia kuwa mti ni bora kuliko paa. Lakini kijana mmoja aliponiuliza, huku ameshika mche wa parachichi, "Mzee, mti huu utaanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, sisi tutakuwa wapi?" nilitambua kwamba wote walikuwa wameacha kuchimba ili wasikie.

Nilimwambia apande, kisha tukaketi kufikiri. Tulipima kiwanja kwa kamba yenye mafundo, tukachora ramani ya kila mti uliokomaa: kibobakasi, jakaranda, na miparachichi, na umbali wake kutoka kwenye nyumba. Katiba ya mwaka 2010 inataka wananchi washirikishwe katika maamuzi ya umma, nasi tuliipeleka ramani hiyo penye mkutano wa namna hiyo, tukaomba kwamba majengo yoyote yatakayokuja yachorwe kuizunguka miti, na nafasi ya kati ibaki wazi. Tulipokewa kwa adabu, ramani ikatiwa katika faili. Jibu bado halijaja. Nakala nyingine iko kwa yule mama mkongwe, chini ya godoro lake, naye husema kuwa faili hilo halina mende.

Wakati tukingoja, miche mipya tunaikuza katika madebe ya rangi na magunia, ili iweze kubebwa ikiwa siku ya kubebwa itafika. Iliyo ardhini inaendelea kutiwa maji pale ilipo. Juma lijalo zamu ni ya nyumba zinazotazama barabara, na toroli linahitaji gurudumu.