Mtoki wa Babu

Utotoni kwangu, Kibiti ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Rufiji, matende na mabusha yalikuwa maradhi ya kila kitongoji huku delta. Mguu wa kushoto wa babu ulijaa kuanzia gotini hadi vidoleni, ngozi imekakamaa. Msimu wa mpunga alipanda dunguni kulinda nguruwe kama wenzake, mpaka mtoki umpige: kinena kinavimba, mguu unawaka moto, homa inamlaza. Bibi alilaumu madafu. Majirani walisema karogwa.

Nilipokwenda kusomea utabibu ndipo nikaelewa kilichokuwa kikimtesa. Mnyoo aletwaye na mbu hukaa miaka ndani ya mishipa ya limfu, na muda wote huo huzituliza seli za kinga zisimshughulikie. Ndiyo maana mtu huwa na vijiminyoo, yaani watoto wa mnyoo huyo, tele damuni na asiumwe popote. Mnyoo akifa, bakteria aina ya Wolbachia wanaoishi ndani yake humwagika, na seli nyeupe huwavamia kwa kishindo. Katika vita hiyo mshipa wenyewe huumia, maji ya limfu yakakosa njia. Baadaye hata ufa mdogo katikati ya vidole hupitisha bakteria wa ngozi, na kila mtoki huongeza uvimbe.

Kisiwani Mafia watu walianza kugawiwa dawa za matende mwaka 2000, nasi tukafuata. Mgawa dawa alikuja na fimbo ya kupimia urefu. Unasimama wima, anakuhesabia vidonge. Usiku wake baadhi wakapata homa, na kulipokucha uvumi umeshaenea kwamba dawa zinaua nguvu za kiume. Kumbe homa ile ni kinga ya mwili ikipambana na vijiminyoo vinavyokufa! Laiti tungeelezwa mapema. Wapo waliokataa kumeza tena kwa sababu ya homa ile tu.

Rufiji ilifikisha awamu 12 za ugawaji dawa, maambukizi yakapungua sana ingawa hayakuisha. Lakini kidonge hakitengenezi mshipa ulioharibika. Shangazi yangu kila jioni huosha mguu wake kwa sabuni, hukausha katikati ya vidole kimoja kimoja kwa kitambaa, kisha huuegesha juu ya gunia la mpunga.

“Mtoki je, shangazi?”

“Mwanangu, tangu masika ya mwaka juzi sijauona.”

Kwa hiyo kila mkutano wa kijiji nasimama kuomba sabuni na mafunzo ya kutunza mguu hivi yawafikie wazee wote wenye matende, hadi vitongoji vya ndani kwenye mikoko.