Ile S ya Mwisho

Nilipoingia darasa la nne, Makueni ilikuwa bado chini ya wilaya ya Machakos. Ilipata wilaya yake mwaka 1992. Madarasa matatu ya kwanza tulisomeshwa kwa Kikamba, na vile vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu tulivipokezana hadi vikaisha pembe. Darasa la nne, yote yakawa Kiingereza: hesabu, sayansi, hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Aliyenaswa akiongea Kikamba alivishwa kibao chenye kamba ya mkonge, akazunguka nacho mpaka amnase mwenzake. Nilikivaa sana.

Kilichonishinda ni ile s. Mimi ni sell, sisi ni sell, wao ni sell. Akija mwaitu, mama yangu, peke yake na maembe yake, tayari ni sells. Kwa nini yeye tu? Kiswahili ukisema "huuza", awe nani, neno ni lilo hilo. Tena sisi tumezoea kumwona mtenda pale mbele: ninauza, anauza. Nani angemtafuta mkiani?

Mwalimu aliichora kwa chaki nyekundu, ndefu kama mkia wa mjusi, akaugonga ubao kwa kiboko. Tukaelewa kwamba mkia ni lazima, tukaubandika kila mahali: I sells, they sells. Does she sells? ilinipatia viboko vinne, nami nilidhani nimeandika Kiingereza cha watu wazima.

Niliielewa Kitui, sekondari, usiku, taa za bweni zimezimwa. Mwenzangu wa kitanda cha juu alininong'oneza kwa Kikamba, lugha tuliyokatazwa: s ni blanketi moja la watoto wawili. Does akilivuta, sell analala wazi. Basi. Miaka yote ile ya viboko, na jambo lenyewe lilikuwa na urefu wa pumzi mbili.

Viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001. Mjukuu wangu yuko Gredi ya 4 mjini Wote. Juzi alinisomea daftari lake: My grandmother sells mangoes. Nikamwambia aigeuze iwe swali. Akajibu bila kusita, Does she sell mangoes?, s imekaa mahali pake. Kwa furaha nikamsimulia kwa Kikamba habari za lile blanketi.

Akanitazama. "Susu," akaniuliza kwa Kiswahili, "umesema nini?"