Askari wa kimo cha kidole: juu ya majeshi madogo tunayotengeneza

Wazee wetu wanatuuliza mara mingi: « Ninyi watu wazima, munacheza na batoto ba plastike juu ya nini? » Tena wanaongeza ulizo lingine lenye uzito zaidi: « Mu inchi yenye imeona vita vya kweli, vita vya kuchezea vinaleta faida gani? » Sisi ni watu saba wa Lubumbashi, tunakutana siku ya posho kisha kazi. Tunaandika kurasa hizi kwa kujibu maulizo yale mawili.

Tuanze na asili ya muchezo. Mwaka 1824, afisa mmoja wa Prusia, von Reisswitz, alitoa kanuni za kufundisha maofisa kupigana juu ya karta, bila kumwaga damu. Mwaka 1913, mwandikaji Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu Little Wars, chenye kufundisha vita vya askari wadogo wa madini juu ya sakafu ya nyumba. Wells alipenda muchezo wake, lakini alisema wazi kwamba mwenye kuucheza anatambua upesi namna gani vita vikubwa ni mambo ya upumbavu. Mwaka mmoja nyuma yake, vita vikubwa vya 1914 vikaanza. Walimwengu hawakumusikia.

Kisha, mwaka 1983, kule Uingereza, ikatoka Warhammer. Humo hamuna Wafaransa wala Wadachi: muna mazimwi, wafu wenye kutembea, watu wafupi wenye ndevu. Kampuni liliacha ile dunia ya kwanza mwaka 2015 na kuanzisha ingine. Mwaka 2024 likarudisha ile ya zamani kwa jina la The Old World. Ndiyo muchezo tunaoufuata, kwa namna yetu.

Tunasema « kwa namna yetu » juu feza ya kununua jeshi zima hatuna. Ndugu mwenye kutoka Ulaya anatuletea sanduku moja mu mizigo yake, basi sanduku lile linapashwa kuzaa jeshi. Kila askari ana kimo cha milimita 28 hivi, tena anakuja vipande vipande: kichwa, mikono, mwili. Hapo ndipo kazi inaanza. Tunakata kwa wembe, tunaondoa upanga wa kizungu, tunatia mukuki. Mukuki unatoka mu waya wa shaba wa moteri yenye kuungua. Ngao tunaikata mu kikopo cha maziwa. Chini ya miguu tunabandika kizibo cha chupa ya Simba, tunakijaza mchanga na kole. Nguo zenye hazikuwako tunazifinyanga kwa ule udongo wa kemia wenye sehemu mbili, moja ya manjano na moja ya bluu: ukizikanda pamoja zinakuwa rangi ya majani, na kisha saa chache zinakauka sawa jiwe.

Kupaka rangi kunaomba uvumilivu zaidi. Kwanza tunapaka rangi moja, nyeusi ao nyeupe, juu ya mwili wote, ili zingine zishikame. Kisha ngozi, nguo, chuma. Kisha tunachanganya rangi nzito na maji mingi. Inashuka yenyewe mu mikunjo na kuleta kivuli. Mwisho tunachovya pinso, tunaipangusa mu kitambaa mpaka inabaki karibu kavu, na kuipitisha polepole juu ya sehemu zenye kutokeza: uso unapata mwanga. Kwa rangi ya majani tunatumia unga wa malakiti, lile jiwe wanalochonga wachongaji wetu. Lakini tunalisaga ndani ya maji, na kinywa kimefunikwa, tena hatulambi pinso hata kidogo, juu shaba ya ndani ni sumu.

Basi, kazi hii ni ya kigeni? Muchezo, ndiyo. Lakini mukono, hapana. Nani kati yetu hakutengeneza motokari ya waya mu utoto wake? Waluba walikuwa na lukasa, ubao wenye shanga, ambamo kila shanga inakumbusha mufalme, pahali ao safari. Mwenye kujua alipitisha kidole juu yake na kueleza historia. Na Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufa Kinshasa mwaka 2015, alijenga miji mizima ya ndoto kwa karto na plastike. Mwaka 2018 jumba la MoMA la New York liliionyesha. Kufanya dunia kubwa iwe ndogo ili tuiangalie vizuri, hatukufundishwa na Uingereza.

Linabaki lile ulizo zito. Kijana mmoja kati yetu alitaka kupaka askari wake nguo za jeshi la kweli, lenye linapigana leo. Tulibishana mpaka usiku. Yeye alisema: « Ni plastike tu. » Mwengine akamujibu: « Kwako ni plastike. Kwa mama yangu ile rangi ni mulango wenye kuvunjwa. » Jamaa zake walikimbia Bukavu mwanzoni mwa mwaka 2025. Tukakata shauri: hakuna bendera ya kweli, hakuna nguo za kweli, hakuna mutoto mwenye bunduki.

Siku ya posho yenye kufuata, yule wa Bukavu alileta mbele yetu sanamu kumi. Alikuwa amegeuza wapiga mikuki kuwa wamama: mukuki ukawa fimbo, ngao ikawa sufuria, juu ya kichwa furushi la udongo wa kemia, na nguo za rangi, kila moja na maua yake. Tukamuuliza: « Hawa wana pointi ngapi? » Mu muchezo, kila mupiganaji ana hesabu yake ya pointi, na majeshi mawili yanapashwa kulingana. Akasema: « Hawana pointi. Wanapita tu. »

Tukatafuta kanuni mu kitabu, hatukuona. Tukaandika yetu: wamama wanatoka upande mumoja wa meza na kwenda upande mwengine, na jeshi lenye kuwafungia njia linashindwa, hata kama limeua adui wote. Tangu siku ile muchezo umekuwa mugumu. Mutu hawezi tena kupanga askari wake bila kuuliza watu watapita wapi. Ndilo jibu letu kwa wazee.

Na mwenye kutaka kuingia mu kikundi, anakaribishwa. Tunamupa pinso na mama mumoja. Askari wa kwanza anamupata nyuma yake.