Namba na Mwenye Namba

Sisi watu wa Buha, huku nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, tulianza kuitwa kwa namba zamani, kabla kompyuta haijafika kwetu. Wakati wa Waingereza wilaya zetu zilikuwa ghala la vibarua. Vijana waliandikishwa mikataba, wakapakiwa kwenye treni, wakaenda Tanga kukata mkonge. Huko waliitwa manamba, kwa sababu shambani kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Babu yangu alikuwa miongoni mwao. Uzeeni alisahau majina ya baadhi ya wajukuu zake, lakini namba hiyo hakuisahau. Alikuwa akisema kwamba siku ya mshahara karani akikosea, hapakuwa na wa kumweleza, kwa kuwa daftari halina masikio.

Nimeyafikiria sana maneno hayo katika miaka hii ya karibuni. Leo Mtanzania mtu mzima anatakiwa awe na Namba ya Utambulisho wa Taifa, yenye tarakimu 20, nane za kwanza zikiwa tarehe yake ya kuzaliwa. Mwaka 2019 tuliambiwa tusajili upya laini za simu kwa namba hiyo pamoja na alama ya kidole. Mwisho ulikuwa 31 Desemba, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, kisha laini zikaanza kuzimwa. Kwa mtu wa Mabamba au Makere simu si ya salamu tu. Pesa ya maharage aliyouza imo humo, na mwanawe aliye Dar es Salaam humtumia pesa ya dawa kwa njia hiyo hiyo. Kumzimia laini ni kumfungia mfuko.

Sina ugomvi na kutambuliwa. Serikali isiyowajua watu wake itawajengeaje shule? Na matapeli wa simu wapo kweli. Linalonisumbua ni kile kinachotokea pale mtambo unaposema hapana.

Nilipokwenda kuandikishwa, mbele yangu kwenye foleni alikuwa mama mmoja mkulima. Kioo cha mashine kilikataa vidole vyake. Akaambiwa anawe kwa sabuni, akanawa. Akaambiwa avifute vizuri na kuvikandamiza zaidi, akafanya hivyo. Kioo kikakataa tena. Miaka mingi ya jembe la mkono ilikuwa imelainisha ile mistari ambayo mashine huitafuta. Kijana aliyekaa mezani hakuwa mkali hata kidogo. Alisema, "Mama, si mimi ninayekataa, ni mashine." Yule mama akamwangalia, akauliza, "Basi mwanangu, niseme na nani?" Hakujibiwa. Aliambiwa arudi siku nyingine.

Zamu yangu ilipofika mashine ilikubali vidole, lakini yalinijia maswali. Bibi mzaa mama alizaliwa wapi? Alizikwa wapi? Mbona jina la ukoo linafanana na majina ya ng'ambo? Msomaji asiye wa huku huenda akayaona maswali hayo mepesi. Lakini Kiha na Kirundi ni lugha za kusikilizana. Pacha tunawaita Bukuru na Butoyi, na ng'ambo nao wanawaita hivyo hivyo. Mpaka ulithibitishwa na wageni baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Wabelgiji wakachukua Burundi na Waingereza Tanganyika, na hapakuwa na aliyeuliza ni ukoo gani umekatwa katikati.

Nakubali kwamba afisa ana haki ya kuuliza. Hata hivyo tusidanganyane kuhusu kazi ya kidole. Alama ya kidole haisemi uraia. Inasema tu kwamba huyu wa leo ndiye yule aliyekuja jana. Kama ni raia au mgeni, hilo huandikwa na mtu aliyeketi mezani, kwa kusikia, kwa kukisia, na pengine kwa uchovu wa saa kumi jioni. Likiisha kuingia katika kompyuta, hutoka likiwa na sura ya sayansi, na makisio ya binadamu yanageuka kuwa ukweli wa mtambo.

Jirani zetu wakimbizi wameyajua mambo haya kabla yetu. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015, Warundi walipokimbia machafuko ya nchini mwao. Mashirika ya wakimbizi siku hizi husajili watu kwa vidole na mboni za macho. Faida ipo: si rahisi mtu kuchukua posho ya mwenzake. Lakini tunaambiwa pia kwamba mkimbizi ameridhia. Mtu aliyevuka mpaka usiku na watoto wenye njaa anaweza kweli kusema kidole changu sitoi? Ridhaa ya mwenye njaa ni kitu cha kutazamwa kwa makini.

Na alama iliyotolewa kwa ajili ya chakula haikai kwenye chakula. Huko Garissa, nchini Kenya, Wakenya wengi wenye asili ya Kisomali, wakati wa ukame, walijiandikisha katika kambi za Dadaab wapate posho. Wengine walikuwa watoto walioandikishwa na wazazi. Walipofikisha miaka 18 na kuomba kitambulisho, kompyuta ilitoa vidole vyao katika orodha ya wakimbizi. Wakanyimwa. Bila kitambulisho hakuna kazi ya halali, hakuna akaunti benki, hakuna kura. Kesi ilifunguliwa mwaka 2021, na Januari 2025 Mahakama Kuu huko Garissa iliamua kwa upande wao. Kijana aliyenyimwa kitambulisho akiwa na miaka 18 alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima mwenye watoto.

Rwanda inatufundisha jambo zito zaidi. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliandika kabila la kila mtu kwenye kitambulisho. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, neno hilo moja lilitosha kumuua mtu. Makarani wa 1930 hawakuyajua ya 1994. Taarifa huishi kuliko nia ya aliyeiandika, na hakuna anayeweza kuapa kwa niaba ya watakaoirithi.

Tangu 1 Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022, na Tume yake. Inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi linalojulikana, na inampa mtu haki ya kujua kilichoandikwa juu yake na kutaka kisahihishwe. Ni sheria njema. Lakini mkulima wa Kibondo ataitumiaje, ikiwa hata hajui ni ukurasa gani wa kompyuta uliomkataa?

Ninachokiomba si kikubwa. Mashine ikimkataa mtu, apewe sababu kwa maandishi, kwa Kiswahili, na tarehe ya kusikilizwa. Wazee wa kitongoji waliomwona akikua waruhusiwe kutoa ushahidi, na ushahidi wao uwe na uzito kama kioo. Kilichotolewa kwa ajili ya chakula kisitumike kuhukumu uraia. Na katika kila ofisi yenye mashine awepo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuipinga, anayejulikana kwa jina lake.