Mtungi wa bluu nyuma ya kiroba cha mkaa

Gesi ya kupikia ilikata maharage yakiwa bado magumu, ndiyo maana mama huyo wa Mabibo akaingia stoo kutafuta mkaa. Nyuma ya kiroba akakuta mtungi wa bluu, umefunikwa kwa khanga yake mwenyewe ya zamani.

Mama huyu ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, kazi aliyoifanya zaidi ya miaka 20. Mtungi wa bluu haukumpa shida kuutambua. Ni rangi ya naitrasi oksaidi, gesi ambayo mgonjwa huvutishwa pamoja na oksijeni ili maumivu yapungue na usingizi umchukue. Akainama kusoma maandishi. Ni yenyewe.

Wazo la kwanza halikuwa gari. Aliwaza puto. Anajua kwamba Ulaya vijana huivuta gesi hiyo kwa puto ili wacheke, mpaka Uingereza ikaamua Novemba 2023 kuiingiza kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa. Anajua pia inachofanya: mtu akiivuta mara kwa mara, vitamini B12 mwilini hushindwa kufanya kazi yake, mishipa ya fahamu inaumia, miguu inakufa ganzi, na wengine hushindwa hata kutembea vizuri. Maharage yakaachwa jikoni.

Kijana wake, mwenye miaka 22, anasoma ufundi wa magari katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, hapohapo Mabibo. Alirudi jioni akiwa na begi mgongoni.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Kaa hapo. Unavuta hiki kitu?”

Kijana akacheka, na kicheko hicho nusura kimponze. “Mama, hii ni ya gari. Ya gari huwa wanaitia salfa kidogo makusudi ili mtu asiivute. Inanuka kama kiberiti kilichotoka kuwaka.”

Nafuu aliyoipata mama ilidumu dakika moja tu, kwa sababu nyumba ile ina gari moja: Subaru Forester yenye turbo, ambayo baba aliinunua kwa kiinua mgongo baada ya miaka mingi ya kuendesha lori la mizigo kwenda Tunduma.

Baba alipoambiwa aliamua usiku uleule mtungi ukatupwe jalalani. Mama akakataa. Jalala huchomwa moto, na mtungi wenye gesi iliyoshindiliwa ukiingia kwenye moto ni bomu. Ukabaki ndani, na nyumba ikalala bila mtu kusema na mwenzake.

Aliyewafungua midomo ni mjomba, kaka wa mama, fundi mwenye gereji mitaa ya kwao. Alikuja Jumapili baada ya chakula, akaomba kitu kimoja: asiwepo wa kugombana mpaka yeye amalize.

Akaanza kwa kumpa kijana haki yake. Injini, alisema, ni kama jiko: ukitaka moto mkubwa, kuni peke yake hazitoshi, lazima na hewa iingie. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa eksozi, inasukuma hewa nyingi zaidi ndani ya injini, ndipo petroli nyingi zaidi iungue. Tabu yake ni kuchelewa. Unakanyaga mafuta, inasubiri moshi wa kutosha ndiyo izunguke kwa nguvu. Gesi haisubiri. Hewa ya kawaida ina oksijeni kama asilimia 23 ya uzito wake, gesi hii ina asilimia 36. Ikifika kwenye joto kali la ndani ya injini inavunjika na kuiachia hiyo oksijeni. Na kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi 88 chini ya sifuri, ikitoka mtungini inakuja na baridi kali, inaipoza hewa ya turbo ambayo siku zote ni ya moto. Hewa ya baridi hushikamana, inaingia nyingi.

“Kwa hiyo si uongo wa filamu,” mjomba alisema. “Vinaoana kweli. Wajerumani waliifunga gesi hii kwenye ndege za kivita wakati wa Vita vya Pili, ziruke juu sana ambako hewa ni nyepesi.”

Kijana alinyanyua kichwa kwa mara ya kwanza tangu wakae. Wiki nzima alikuwa ameambiwa kwamba anachokitaka ni upuuzi wa kibanda umiza, na wazazi wengi wangeishia hapo. Sasa mtu mzima amemwambia ni kweli, na akawa tayari kusikia yaliyobaki.

Yaliyobaki ndiyo mabaya. Gesi ikiongezeka bila petroli kuongezeka kwa kiasi chake, moto wa ndani unapanda kupita kiasi, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga, na pistoni huyeyuka au kupasuka penye ringi. Turbo peke yake tayari imeshaongeza mgandamizo humo ndani. Gesi inapanda juu ya mgandamizo huohuo. Injini ya Forester ina pistoni nne zilizolala ubavu, mbili kila upande, na kiwandani zilipimiwa kazi ya turbo ile tu.

Kisha mjomba akauliza mtungi utakaa wapi. Kwenye buti, kijana akajibu. Mjomba akamchukua nje, akamwekesha kiganja juu ya buti la gari lililoshinda juani tangu asubuhi. Kijana akautoa mkono haraka.

Gesi hii inakaa mtungini ikiwa kimiminika mpaka nyuzi 36 na kidogo. Ikivuka hapo hakuna kimiminika tena, na presha hupanda kwa kasi. Buti la gari jua la Dar es Salaam huvuka hapo kabla ya adhuhuri. Presha ikipanda, gesi inayotoka ni nyingi kuliko uliyoipigia hesabu asubuhi, lakini pampu ya mafuta inatoa petroli ileile. Hiyo video ya mtandaoni, mjomba alisema, huenda ilipigwa kwenye nchi ambayo watu huupasha mtungi moto kwa sababu ya baridi.

Mama alikuwa na swali lake, na halikuhusu pistoni. Hiyo kasi ataitumia wapi?

Kijana alikawia kujibu. Barabara ya Bagamoyo, usiku. Wapo wenzake wawili. Bado hajaenda.

Kisheria, mwendo wa mwisho kwenye maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa, na Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Mama hakuvisema hivyo. Alimweleza tu zamu ya Jumamosi ilivyo: saa nane usiku mlango unasukumwa, kijana analetwa na kiatu kimoja, na kazi ya kwanza ya muuguzi ni kuchana suruali kwa mkasi ili mguu uonekane. Simu ya majeruhi inaita mfukoni, imeandikwa “Mama”. Wauguzi huiacha iite.

Baba, aliyekuwa kimya muda wote, akakohoa. Akasema na yeye enzi zake, akitoka Tunduma, alikuwa akiteremka Kitonga ameweka gia frii ili abane mafuta na kuwahi foleni. Tani 30 nyuma, breki zinanuka. Alifanya hivyo zaidi ya mara moja, watoto wakiwa wadogo.

Mama alimgeukia. Ndoa ya miaka 26, na hilo hakuwahi kulisikia. Hasira aliyokuwa ameiandaa kwa mtoto ikahamia kwa baba, na mazungumzo ya gesi yakasimama kwa muda. Mjomba aliomba maji ya kunywa.

Jumatatu gari lilipelekwa gereji kupimwa mgandamizo wa silinda. Tatu zilikaribiana. Ya nne ilikuwa chini kabisa. Hapo kijana akakiri kwamba miezi miwili iliyopita aliongeza presha ya turbo bila kumwambia baba. Injini ilikuwa imeshaanza kufa, na gesi haijafungwa bado.

Sasa Jumamosi anashinda gereji kwa mjomba akiifungua injini mwenyewe, boliti kwa boliti, na pistoni mpya anazilipia kidogokidogo kwa pesa ya kutengeneza simu. Mtungi upo hukohuko kivulini, umefungwa kwa mnyororo ukutani, unasubiri mnunuzi. Kijana anasema siku moja atajenga injini inayostahili, aikimbize kwenye mashindano halali. Mama amemuuliza kuhusu breki. Bado hajapata jibu linalomridhisha.

Kwa baba hajamaliza. Na akiingia stoo kuchota mkaa, bado anainua ile khanga kwanza.